Meli Iliyokubali Kupwelewa

Akina mama wenzangu, sogeeni mbele. Na wewe unayemnong'oneza jirani yako, malizia upesi nianze.

Palikuwa na vita, na meli moja ya kubeba vifaru. Sura yake, Mungu anisamehe, kama kabati lililoangushwa. Chini bapa, mbele mlango mpana. Kazi yake kupanda ufukweni kwa makusudi, kushusha vifaru, kisha kujivuta kwa nanga iliyoidondosha nyuma yake ikija, irudi kilindini kabla maji hayajapwa.

Siku hiyo vifaru vilishuka vyote. Lakini askari waliotangulia walikuwa wamelala mchangani, wanavuja damu. Mabaharia wa manowari kubwa zilizosimama mbali wakawatazama kwa darubini, wakaanza kupigiana simu ya upepo.

"Umemwona yule wa kwenye mwamba? Mguu umekwenda!"

"Masikini! Na mwenzake anamwita mama yake, hebu mwone."

Habari walikuwa nazo zote, hata za ziada.

Kwenye ile meli ya vifaru, msaidizi akamwambia nahodha, "Bwana, maji yanatoka. Tusipoondoka sasa tutakaa hapa kama kuku anayeatamia, na mizinga inatutafuta."

"Wale wanaolia wanaweza kuogelea?"

"Hata kusimama hawawezi."

"Basi maji yaende. Mlango usifungwe."

Maji yakaenda kweli. Meli ikakaa kavu, ikapigwa, ikatoboka ubavu kwa juu. Mpishi wao alikufa ameshika machela. Lakini majeruhi walibebwa hadi ndani bila kulowa, wakalazwa palepale palipokuwa na vifaru, penye harufu ya mafuta. Maji yalipojaa, ikaondoka nao.

Sasa niwaulize, nani alijua zaidi habari za wale majeruhi? Si wenye darubini? Na nani aliwafikisha kwa daktari?

Sisi wa mtaa huu tuna macho, jamani! Tunajua nani kapigwa na mumewe, kwa nini, na kwa mwiko upi. Tunasema "masikini" kwa sauti tamu, tunarudi kwenye vyungu vyetu. Yule mwenzetu wa nyumba ya bati jipya hajaja ibadani tangu kabla ya mvua. Sababu mnaijua, mimi nimeisikia kwenu, tena kila mmoja na nyongeza yake. Nani amekwenda kumpigia hodi?

Tukitoka hapa, msiniletee habari zake. Nileteeni yeye.