Vyungu vya Namkunda

“Pasua chungu kabla hujampasua mtu.” Mmeusikia msemo huu sokoni leo, na sasa mwataka kujua chimbuko lake. Basi tulieni, wajukuu zangu. Ulizaliwa hivi.

Huko Upare milimani paliishi mfinyanzi aitwaye Namkunda. Vyungu vyake vilitoka motoni vyekundu, vizima, vikilia vizuri ukivigonga. Wifi yake Nakijwa, mjane wa kaka yake, alipita uani akavisifu. Siku ya tano vikaanza kubanduka vipande, kimoja baada ya kingine, vikiwa vimekaa tu juu ya uchaga bila kuguswa na mtu. Namkunda akachoma vingine. Nakijwa akavisifu tena, navyo vikapasuka.

Namkunda hakuhitaji mganga. Alilala na jambo hilo, akaamka nalo, akalieleza kisimani, na kila alipolieleza lilizidi kuwa kweli. Nakijwa ana jicho baya. Ukoo ukakata shauri arudi kwao, ila mwanawe wa miaka minne abaki kwa shangazi yake Namkunda, maana mtoto ni wa ukoo.

Asubuhi ya kuondoka, Nakijwa alisimama uani na mzigo kichwani, watu wamemzunguka. Hakulia. Aliomba jambo moja tu.

“Wifi, kimebaki chungu kimoja kizima. Kivunje mwenyewe, hapa mbele yao, tuone ndani.”

“Hata hicho unataka unimalizie?”

“Si kitapasuka tu kwa jicho langu? Kivunje.”

Namkunda akakibamiza juu ya jiwe. Ndani ya vigae, katikati ya ule wekundu, mlikuwa na punje nyeupe zilizovimba kama bisi. Mfinyanzi mmoja mzee alikwangua moja kwa ukucha, akasema ni chokaa. Ikinywa unyevu huvimba na kukipasua chungu kutoka ndani. Akauliza udongo ulichimbwa wapi, kwa kuwa shimo la mabibi, wanakochimba wafinyanzi wote tangu zamani, halina chokaa.

Hapo Namkunda akakumbuka. Mwaka huo, alipokuwa mjamzito, kuteremka hadi shimo la mabibi kulimshinda, akaanza kuchimba kando ya kijito nyuma ya nyumba. Hakuwa amemficha mtu. Hakulikumbuka hata mara moja kabla ya hapo, na hilo ndilo lililomtisha: hakusema uongo. Aliamini.

Akaingia ndani mbio, akamtoa mtoto, akamsogeza kwa mama yake. Mtoto akarudi nyuma, akang’ang’ania upindo wa kanga ya shangazi yake.

“Shangazi, wewe ulisema asinitazame.”

Nakijwa akatua mzigo, akapiga magoti, akafumba macho ili mwanawe aweze kumkaribia. Alikaa hivyo, mikono wazi, jua likapanda, na pale uani hapakuwa na mtu aliyethubutu kuinua uso.

Tangu siku hiyo, mtu wa huko akija na hakika yake mdomoni, huambiwa kwa sauti ya chini: pasua chungu kabla hujampasua mtu.