Kifurushi Kisichokatika

Mfanyabiashara mmoja wa mapazia alikuwa na mama asiyesikia na mdogo wake mmoja. Yeye aliitwa Mbonea, mdogo wake Kiangi. Mama, kama akina mama wengi, aliitwa kwa jina la mzaliwa wa kwanza: Mama Mbonea. Hakuna mtu aliyeitwa kwa jina la Kiangi.

Mama alipoteza usikivu baada ya sindano za kifua kikuu. Kifua kilipona, masikio hayakurudi. Hakuwahi kujifunza kusoma. Alichojifunza, kwa miaka tisa ya ukimya, ni midomo ya wanawe wawili. Ukikaa mbele yake penye mwanga na kusema taratibu, alielewa kila neno. Midomo ya watu wengine ilimpita. Kwa hiyo simu ya sauti haikumfaa kitu. Ilimfaa simu ya picha, na picha yenyewe iwe haikwami.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi. Mtu akitoka kwenda kwenye jambo zito, iwe safari, mahakama au kujifungua, mkubwa wa nyumba alisimama mlangoni, akamtazama usoni, akamwambia: "Nenda, tupo." Baba yao aliyasema maneno hayo maisha yake yote. Alipofariki yakahamia kwa Mbonea. Hakuna aliyetoka bila kuambiwa. Siku moja shangazi yao alikosa basi la asubuhi kwa sababu Mbonea alikuwa bafuni. Shangazi alikaa juu ya begi lake hadi Mbonea alipotoka. Walipomcheka alisema basi lingine lipo.

Mwaka huo mama alionekana ana uvimbe tumboni. Daktari bingwa alikuwa akija hospitali ya kwao mara moja kila miezi mitatu. Mara mbili mama alipangiwa upasuaji, mara mbili akakataa kwa woga akiwa tayari amevaa gauni la hospitali. Daktari alisema uvimbe unakua na hapendi kuusubiri tena. Mara ya tatu mama alikubali kwa sharti moja: Mbonea amwambie nenda wakati anapoingizwa chumba cha upasuaji.

Tarehe ilipotoka, iliangukia siku ya kumi ya safari ya Mbonea kwenda Istanbul kununua mapazia. Tiketi ilikuwa imeshakatwa.

"Nitakuwepo," Mbonea alimwambia mama, akiinua simu usawa wa macho yake. "Humu ndani. Utaniona kama unavyoniona sasa."

Mama aliitazama simu, akamtazama yeye. "Ni ndogo hiyo," alisema. "Lakini meno yako makubwa. Nitayaona."

Kiangi alikuwa anamvua mama viatu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Istanbul, baada ya kuteremka, Mbonea alinunua laini ya wasafiri. Kibandani palikuwa na bango lenye maneno makubwa: intaneti bila kikomo, siku kumi na tano. Chini yake palikuwa na mstari wa maandishi madogo. Msichana aliyekuwa akiuza aliugusa mstari huo kwa kucha na kuanza kumweleza, kwa Kiingereza, kwamba GB ishirini za kwanza zina kasi kamili, na baada ya hapo kasi inapunguzwa. Mbonea, kwa Kiingereza chake cha kuombea maji, alimkatiza.

"Mimi siulizi habari ya kasi. Nauliza, itakatika?"

"Haitakatika," msichana alisema.

Bango na msichana, wote walikuwa wamesema kweli. Kifurushi cha namna hiyo hakifungwi, kinabanwa. Ni kama bomba ambalo mwenye maji amelikaza bila kulifunga. Maji yanaendelea kutoka, ila kwa matone. Mwenye kikombe atajaza kikombe chake. Mwenye pipa atasimama hapo mpaka miguu imuume. Ujumbe wa maandishi ni kikombe, na sauti ni kikombe. Uso wa mtu anayesema ni pipa.

Mbonea alianza kutumia. Aliwaonyesha wateja wake wa Moshi mapazia, duka kwa duka, kamera ikiwa wazi muda wote, na hiyo ilikuwa kazi. Lakini aliwaonyesha pia wenzake aliosoma nao shule ya msingi mikate, paka wa dukani, foleni ya magari na njiwa wa uwanjani. Njiwa peke yao walipata dakika kumi na saba, na hata Kiangi alitumiwa kipande chao. Mechi za mpira alizitazama kwenye simu, kitandani, na aliposinzia mechi ziliendelea bila yeye.

Mama alikuwa ameshalazwa kwa vipimo. Kila jioni alimuuliza Kiangi, "Mbonea amesemaje?" Kila jioni Kiangi alimtumia kaka yake ujumbe: mama anakuuliza. Na kila jioni jibu lilikuja haraka: "Kesho nampigia. Kifurushi kipo, hakiishi."

Siku ya nne alipiga kweli. Alimwonyesha mama barabara. Mama alisema hataki barabara, anataka uso. Mbonea aliigeuza kamera, akacheka, akamwambia kesho wataongea vizuri. Hawakufika dakika mbili. Alikuwa na deni la mazungumzo kwa watu wengi, na mama ndiye pekee asiyedai.

Kiangi alibaki wodini. Alimwogesha mama, alimlisha uji, alimtafsiria daktari kwa midomo yake. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, na saa mbili asubuhi alikwenda kufungua karakana yake ya kuchomelea vyuma, na saa nane alirudi. Wauguzi walimwona yeye tu, wakaanza kumwita mama yake Mama Kiangi. Mama hakusikia, kwa hiyo hakuwasahihisha. Kiangi aliwasahihisha siku ya kwanza na ya pili. Baadaye aliacha.

Siku ya nane simu ya Mbonea ilipokea ujumbe wa kampuni. Aliona namba ishirini na maneno mengi, akaufuta. Usiku huo mechi ilikwama. Alilaumu kuta za hoteli. Ujumbe wake wa maandishi ulikwenda, sauti ilikwenda, akaona mambo yako sawa. Kitu kinachopunguzwa hakipigi kelele kama kinachokatwa.

Siku ya kumi upasuaji ulipangwa saa nne asubuhi. Mbonea alikuwa sokoni tangu saa mbili, kwa muuzaji aliyemwambia mzigo mpya unafunguliwa mapema. Hakuona sababu ya kukaa hotelini. Simu ilikuwa mfukoni.

Saa nne kasorobo alipiga. Kule wodini Kiangi aliishika simu mbele ya mama. Mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, kanga mpya kichwani, mikono juu ya shuka. Mduara ulizunguka kwenye kioo. Kisha uso wa Mbonea ukatokea, ukasimama. Macho nusu wazi, mdomo umefumba. Sauti yake ilikuwa inatoka safi, kila mtu wodini aliisikia: "Mama! Mama, nenda, tupo! Umeniona? Nenda, tupo!" Isipokuwa mama.

Mama aliutazama uso ule usiosogea. Aliusogelea. Aliufuta kioo kwa pindo la kanga, akidhani ni vumbi. Alisubiri mdomo ufunguke.

Muuguzi alishika kitanda. "Mama Kiangi, daktari ameshanawa mikono. Kama ni leo, ni sasa. Kama si leo, ni miezi mitatu."

Kiangi aliiweka simu sikioni.

"Picha haiendi, kaka. Hakuoni."

"Hebu ishike vizuri, Kiangi. Hata kushika simu umeshindwa?"

"Nimeishika. Njiwa wako tuliwaona vizuri kabisa."

"Mwambie anisubiri. Dakika kumi tu, naomba mtandao wa hawa watu wa duka. Kifurushi hakijaisha, nakuambia. Hakina kikomo hiki."

Kiangi alikuwa na uchovu wa siku nyingi, na hakuinua sauti.

"Hata mimi sijaisha, kaka. Nimechoka."

Aliiteremsha simu. Mama alikuwa bado anaitazama, na uso wa Mbonea ulikuwa bado umesimama mle ndani, macho nusu wazi.

"Amechoka," mama alisema. "Mwache apumzike."

Aligeukia ukuta. Mara mbili zilizotangulia alikuwa amegeukia ukuta hivyohivyo, na mara zote mbili alirudishwa nyumbani na uvimbe wake. Muuguzi aliachia kitanda. Kiangi alibaki na simu mkononi, hajui aiweke wapi.

Kisha mama akageuka tena. Alimtazama kijana wake wa pili kwa muda, kama mtu anayesoma kitu kilichokuwa mbele yake siku zote.

"Sema wewe," alimwambia.

Kiangi alikuwa hajawahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote. Alikwenda akasimama penye mlango wa wodi, kwa kuwa ndio mlango uliokuwepo. Alikuwa na madoa ya uji kwenye shati. Alimtazama mama usoni, akafungua mdomo taratibu kama alivyozoea.

"Nenda, tupo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kitanda kikasukumwa, kikampita mlangoni.

Sokoni, muuzaji wa mapazia alitafuta karatasi yenye nywila ya mtandao wa duka. Ilikuwa ndefu, na Mbonea aliikosea mara mbili. Ilipokubali, picha ilikuja mara moja, safi, haina hata chembe. Kiangi alikuwa ameiegemeza simu kwenye kabati na kutoka. Mbonea aliona ukuta wa wodi, dirisha na ndala za mama zilizopangwa pamoja sakafuni, mahali kitanda kilipokuwa. Aliona kila kitu vizuri. Alisema maneno yake mbele ya ndala hizo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mbonea alirudi na mapazia mazuri, na moja alilitundika kwa mkono wake kwenye dirisha la mama. Mama alilishika, akalisifu, akamwandalia chakula. Hakumlaumu wala hakumnunia. Kifurushi nacho kilimaliza siku zake tano zilizobaki bila kukatika, kama msichana wa kibandani alivyoahidi.

Mwezi uliofuata shangazi alikuwa anasafiri. Alichukua begi lake akafika mlangoni. Mbonea alikuwa amerudi kutoka kwa wateja wake Moshi, akainuka, akasimama mahali pake. Shangazi alimsalimia vizuri, akaweka begi chini, akakaa juu yake.

"Mbona hutoki, shangazi?" Mbonea aliuliza. "Mimi nipo hapa."

"Namsubiri Kiangi," shangazi alisema. "Anakuja, yuko anaosha vyombo."

Kiangi alikuja akifuta mikono kwenye suruali. Alipomwona kaka yake mlangoni alisita, akataka kurudi. Mama, aliyekuwa ameketi penye mwanga wa dirisha, aliangalia midomo ya huyu, akaangalia midomo ya yule. Kisha akaitazama ya Kiangi, akangoja.

Hakuna aliyemfukuza Mbonea mlangoni. Hakuna aliyemkatia.

Wewe unayesikia haya, yupo mtu kwako ambaye kila siku unamwambia kesho, kwa kuwa unajua hatakukatia. Ni lini mara ya mwisho ulimuuliza kama amechoka?