Kilo ya Sukari ya Meneja

Soma hii taratibu, kisha mtumie yeyote aliyewahi kukatwa pesa bila kuelezwa sababu.

Bi Adventina wa Muleba alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuzikana kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kupoteza hata shilingi. Masharti ya kikundi yalikuwa makali. Kila risiti ya kikundi, hata ya benki, iligongwa dole gumba na wanachama watatu kwa nyuma. Aliyechelewesha fedha ya kikundi alitozwa kilo moja ya sukari, hata awe mwenyekiti. Sukari hiyo ilikuwa ya chai ya msibani.

Siku moja benki ikawakata shilingi elfu arobaini na sita. Karatasi ikasema ni ada ya ovadrafti, yaani kikundi kimetoa fedha nyingi kuliko zilizokuwemo kwenye akaunti. Minong'ono ikaanza kuwa mweka hazina amekula. Bi Adventina aliumia sana, maana jina zuri ndilo pekee alilokuwa nalo la kuwaachia wanawe.

Akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda benki.

"Mama, kompyuta haikosei," meneja akamwambia.

Akarudi kesho yake, akaambiwa asubiri. Siku ya tatu meneja alichoka kumwona. Akatoa pochi yake.

"Mama, shika hii elfu hamsini, tuyamalize."

"Rudisha mfukoni, mwanangu. Sikuja kuomba, nimekuja kudai."

Akaweka risiti ya benki mezani, akaigeuza meneja aone madole gumba, kisha akaigeuza tena.

"Fedha ya jeneza tuliiweka Jumanne. Muhuri wenu huu hapa. Hundi ya fundi seremala aliyelichonga mliilipa Jumatano. Sasa niambie, fedha yetu ya Jumanne ililala wapi?"

Meneja akaifungua akaunti ya kikundi kwenye kompyuta. Fedha ile ilikuwa imeingizwa Ijumaa, siku mbili baada ya hundi kulipwa.

"Kosa ni letu," akasema kwa sauti ndogo. "Tunawarudishia zote leo."

"Vema. Lakini mimi sikusemwa humu ofisini kwako, nilisemwa kikaoni. Njoo ukayaseme huko huko."

Jumapili meneja akaja kweli, na tai yake shingoni. Akasimama mbele ya wanawake arobaini, akakiri kuwa benki ndiyo iliyokosea na fedha zimerudi. Watu wakapiga makofi. Meneja akataka kuketi.

"Bado, mwanangu," Bi Adventina akamzuia. Akawageukia wenzake. "Masharti yetu yanasemaje kwa aliyechelewesha fedha ya kikundi?"

"Kilo ya sukari," wakajibu wote.

Meneja akacheka mpaka akafuta machozi, akaagiza sukari dukani. Bi Adventina akaipima, ikatimia. Akaandika risiti kama kawaida, akaigeuza nyuma, kisha akawaita kwa majina wale watatu waliomnong'ona kuliko wote, waje kugonga dole gumba.

Wakaja, mmoja mmoja, macho chini. Yeye alikuwa amesimama wima, amewashikia wino.

Funzo: Ukistahili haki, usikubali kupozwa kwa huruma. Shika ushahidi wako, dai kwa adabu, na usiondoke mpaka jina lako lisafishwe pale pale lilipochafuliwa.