Kwa Nini Milango ya Isenga Hutazama Msitu

Wageni wanaofika Isenga huuliza kwa nini mji mzima umejengwa kwa duara, na milango yote ikatazama msitu mdogo ulio katikati. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ulikuwepo wakati ambapo nyumba ziliupa msitu huo kisogo, na hakuna aliyeukaribia ila mwenye shoka begani.

Wakati huo aliishi mfinyanzi mmoja, mjane mwenye ulimi mkali, jina lake Nshoma. Alichimba udongo wake ukingoni mwa msitu, kwa hiyo aliyaona yote. Alimwona jirani yake, Mzee Kasubi, akiangusha mkuyu apate nguzo za ghala. Alimwona mwingine akisogeza zizi la mbuzi ndani kila msimu. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba amechukua kidogo tu. Nshoma aliwaeleza kwamba maji ya vilimani hushukia pale, na udongo wa chini ya mikuyu huyanywa kama ng'ombe aliyetoka safari. Penye ardhi iliyokanyagwa yatapita juu kwa juu. Walimsikiliza kwa adabu, wakaenda zao, na kesho yake mashoka yakalia tena.

Alimwendea Mtemi Mihayo. Mtemi alimkaribisha vizuri, akavisifu vyungu vyake, akasema mji unakua na watu lazima wapate pa kulala. Haukupita muda akagawa viwanja humo msituni. Cha kwanza alimpa Masanja, mwana wa pekee wa Nshoma, akidhani amemziba mama mdomo.

Masanja alikuja kuomba baraka, mkewe Kalunde akiwa mjamzito.

"Mama, nikikataa mimi, atachukua mwingine," alisema.

"Kila mtu katika mji huu ana mwingine wake," Nshoma akajibu. "Huyo mwingine sijawahi kumwona. Ninaowaona ni ninyi."

Masanja akajenga, na wengine wakafuata wakifyeka mikuyu. Kiangazi kilipofika, upepo haukuwa na cha kuuzuia. Vumbi liliingia hadi kwenye ugali, na watoto wakakohoa usiku kucha. Watu wakalilaumu jua. Nshoma akiwasikia alitamani kuvunja chungu.

Kisha mvua zikanyesha. Alasiri moja maji yalishuka kutoka vilimani, mekundu, yakafika katikati ya mji yasipate pa kuingia. Yakageukia nyumba. Kuta za udongo zililainika, mapaa yakakaa chini. Nshoma alikimbia hadi kwa mwanawe, maji yakimfika kiunoni. Wakang'oa mlango, wakamlaza Kalunde juu yake, wakamvusha wakimshikilia hadi kwenye banda la vyungu lililokuwa mwinukoni. Huko akajifungua mtoto wa kike aliye hai, akilia. Lakini Mzee Kasubi aliyerudi kuokoa ghala lake hakuonekana tena.

Maji yalipopungua, mtemi aliwakusanya watu, akauliza wajenge wapi. Wote wakamtazama Nshoma, wakingoja awaambie kwamba aliwaonya. Alikuwa amechoka kusema. Alichukua jembe, akaenda kwenye ukuta wa Masanja uliokuwa umebaki wima, akaanza kuubomoa. Masanja alisimama akimwangalia mama yake akihema, kisha aibu ikamshinda, akashika upande wa pili.

Mtemi aliwafuata, akasema atatoa amri watu wote wasaidie.

"Mtemi, amri tumeshazipata za kutosha," Nshoma alisema bila kuinua macho. "Lipo jembe pale."

Mtemi Mihayo akaliangalia lile jembe. Akavua vazi lake la bega, akaokota jembe. Watu walipomwona mtemi akibomoa, hakuna aliyeweza kuendelea kusimama. Waliondoa nyumba zote zilizokuwa msituni, wakapanda miche ya mikuyu, wakajenga upya kuuzunguka.

Na tangu siku hiyo, milango ya Isenga hutazama katikati, ili mwenye shoka akiingia aonekane na kila mtu. Ardhi ile haigawiwi na mtemi yeyote. Tena, kabla mtemi mpya hajakalia kiti, mwanamke mfinyanzi humzungusha mpaka wote wa msitu kwa miguu. Watemi wengine huudhika, huuliza sababu ya kusumbuliwa na jua lile lote. Yeye huwajibu neno moja tu: "Tembea."