Diski ya Kitambaa cha Kanga

Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa wanazungumzia mikeka. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa, lakini ni wako na umeuzoea mgongo wako. Msala, mkeka wa kuswalia, ni mzuri, ila unapita na mwenyewe. Damiani wa Shelui aliijua methali hii tangu shuleni, hata mtihani wake aliupata. Kuijua hakukumsaidia kitu.

Kazi yake ilikuwa kuwawekea madereva wa malori nyimbo na filamu kwenye flashi zao, katika kibanda kando ya barabara kuu. Mali yake yote ilikaa kwenye diski nne kuukuu, alizozitofautisha kwa vitambaa alivyozifungia. Tatu zilikuwa za biashara. Ya nne ilifungwa kipande cha kanga ya marehemu mama yake, Magdalena, na ndani yake mlikuwa na video za kwaya na harusi za kijijini. Katika video moja tu mama huyo alisikika akiongoza wimbo. Nakala nyingine haikuwepo popote duniani.

Baba yake, Mzee Simeoni, alikuwa kipofu. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kibandani, akapapasa diski mpaka mkono ukutane na kanga, akasema, "Nifungulie mwenzangu." Akisha kumsikiliza, aliondoka akiwa mtu mwingine.

Damiani alizichoka diski zake. Kutafuta wimbo mmoja kulimtoa jasho huku dereva akimpigia honi. Siku moja mchuuzi aliyeshuka kwenye lori akamwonyesha diski mpya, nyembamba, inayong'aa, akaapa kwamba itameza zote nne na nafasi itabaki. Damiani alipoichomeka, kompyuta nayo ikasema vilevile. Akainunua. Akahamisha filamu kwanza, kisha nyimbo za madereva, akamalizia na video za kwaya. Akajaribu filamu mbili tatu za mwanzo, zikacheza vizuri kabisa. Basi akaanza kuzifuta diski za zamani, azijaze tamthilia mpya na kuziuza.

"Baba Peniel," mkewe Catherine alimwambia, "hiyo ya mama si ungeiacha kwanza? Huyo mtu hata kwao hupajui."

"Mambo ya kompyuta niachie mimi. Kila kitu kimo humu, majina si unayaona?"

Diski ya kanga ikafutwa, ikajazwa tamthilia, ikaenda zake na lori la Nzega. Kile kitambaa akakifanya cha kufutia vumbi.

Jumapili Mzee Simeoni akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akapapasa mezani. "Kanga iko wapi?"

"Siku hizi zote ziko pamoja, baba. Kaa usikilize."

Damiani akabonyeza jina la video ya mama yake. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza nyingine, na nyingine tena. Majina yote yalikuwepo, yamejipanga kama makaburi ya misheni, lakini hakuna lililofunguka. Hapo ndipo alipoelewa. Diski ile ilikuwa ndogo, imeghushiwa ukubwa. Ilipojaa filamu, vilivyofuata viliandikwa majina matupu, na mama yake alikuwa amemweka mwisho.

"Umeme si upo?" mzee akauliza. "Nasikia feni."

"Upo, baba."

"Mbona mama yako haimbi?"

"Nimemfuta, baba. Nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Mzee hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Damiani kuliko fimbo. Aliomba kitambaa tu. Damiani akampa kikiwa cheusi kwa uchafu. Mzee akakinusa kwa muda, akitafuta alichokijua, akakosa. Akakikunja taratibu, akakitia mfukoni.

Damiani aliulizia ile diski kwa kila dereva aliyesimama Shelui. Hakuna aliyeijua, na hata angeipata, juu ya sauti ya mama yake kulikwisha kuandikwa tamthilia.

Jumapili iliyofuata aliisikia fimbo ya baba yake ikigonga ukingo wa lami, ikikaribia kibanda. Akasimama, akafuta kiti kwa kiganja. Fimbo haikupunguza mwendo. Ilipita, ikaendelea kugonga mpaka isisikike tena, naye akabaki na majina yake yasiyofunguka. Usiache mbachao kwa msala upitao.