Posa ya Sultani Dahari

Palikuwa na sultani wa majini, jina lake Dahari, aliyekaa ndani ya chemchemi ya mji wa Fukuliani tangu mji haujapata jina. Hakuzeeka, hakuumwa hata jino. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, kupenda binadamu. Kila baada ya miaka mia hivi moyo humwenda mbio, na mji mzima ukataabika.

Safari hii alimpenda Mwanamize, mfinyanzi wa mitungi, mwanamke fukara mwenye ulimi mkali. Alimwona akichota maji, basi, kwisha habari yake. Akaifunga chemchemi, akatangaza kwamba halitatoka tone mpaka aozwe. Tena alitaka ndoa ya halali mbele ya kadhi, kwa kuwa yeye, alisema, si mhuni. Akaapa kwa kiti chake cha enzi: kikipatikana kizuizi cha sheria, atafungua maji na kwenda zake. Tazameni ustaarabu huo, mtu kaukaba mji koo halafu anaulizia sheria.

Siku ya saba midomo ya watu ilikuwa imepasuka. Majirani waliokuwa hawamsalimii Mwanamize sasa walimwita binti yetu, wakamsihi akubali. Naye alikwisha chumbiwa na Kombo, mchonga vitanda, mtu mwenye kengeza na mfuko mtupu, na Mwanamize alimpenda kwelikweli. Kumkosa Kombo kulimuuma kuliko kiu. Lakini watoto wa jirani walikuwa wakilia, hakuweza kuziba masikio. Akaenda barazani kwa kadhi.

Dahari alikuja na joho la dhahabu, ananukia udi toka mbali. Kadhi, Sheikh Mselem, akachovya kalamu upesi aandike ndoa. Mwanamize akaomba aulize kidogo kabla ya kukubali.

"Mimi nitazeeka, bwana, kisha nitakufa. Utafanya nini?"

"Kifo ni chenu nyinyi," alisema Dahari kwa sauti tamu. "Kwangu hakivunji ndoa. Ukiwa mke wangu leo, u mke wangu milele, hata ukiwa kaburini."

"Waume wote husema hivyo siku ya posa."

"Mimi nimeshaonyesha kwa vitendo. Sijapata kumwacha mke."

"Kumbe umewahi kuoa. Nani hao?"

Jini akalainika. Akamtaja Mwanakheri, aliyekuwa akicheka usingizini. Akamtaja Saburi, aliyemnunia miaka miwili kwa sababu ya paka. Akamtaja Time, fundi wa kusuka ukili. Alipofika kwa Riziki, wa mwisho, machozi yalimlenga. Wote walikwisha zikwa zamani, naye bado huwapelekea asumini kila Ijumaa. Mwanamize alimwonea huruma, maana mapenzi yale yalikuwa ya kweli.

"Na wote ni wake zako bado?"

"Wake zangu wa halali, mpaka kesho."

Mwanamize akamgeukia kadhi. "Sheikh, umehesabu?"

Sheikh Mselem akaiweka kalamu chini. "Wanne," akasema taratibu.

"Lakini wamekufa," akasema Dahari.

"Kama kifo kinavunja ndoa, bwana, basi uliyoniahidi sasa hivi ni uongo, na ndoa ya hadaa kadhi hafungi. Kama hakivunji, wanne wametimia na mimi ni wa tano. Chagua unalotaka, ila ukishachagua tufungulie maji, udongo wangu unakauka."