Chungu Kilichojipikia Ugali

Mpo? Basi sogeeni motoni.

Zimwi lilileta kijijini chungu kinachojipikia ugali. "Nipeni majembe, mle bila jasho." Wakatoa. Likarudi: "Mashamba yenu yameota magugu. Nipeni." Wakatoa. Likarudi tena, likatazama mahindi ya mbegu yaliyoning'inia kwenye moshi, juu ya meko.

"Hayo hayaliwi wala hayatolewi," akasema Bi Mbodze, mwenye meko.

"Mama, ya nini, na chungu kipo?" Wanawe wakayatungua.

Siku hiyohiyo chungu kikanyamaza. Wakalikimbilia Zimwi.

"Majembe ninayo, mbegu ninazo," likasema. "Njooni mnilimie, jioni niwape ugali."

Watu husema mazimwi hula watu. Lile halikula hata mmoja. Lingelimiwa na nani?